Kipimo cha Kolesteroli na Daktari Aliye Mafunzoni

Mazungumzo kwa wakazi wa Kilburn wazungumzao Kiswahili



Miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki waishio London kuna kauli inayosemwa kwa uhakika mkubwa: kwamba kolesteroli ni maradhi ya Wazungu na matajiri, na kwamba mtu aliyelelewa kwa ugali, matoke na mchicha hana haja ya kupimwa damu. Kauli hiyo haikutoka hewani. Wakati mmoja ilikuwa na ushahidi wa kitabibu, tena uliokusanywa Afrika Mashariki kwenyewe. Kwa hiyo mazungumzo haya yanaanzia Kampala kabla ya kufika Kilburn.

Chuo cha udaktari cha Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1924 na kufundishia katika Hospitali ya Mulago, kilikuwa kwa miaka mingi kisima cha madaktari wa eneo zima. Dar es Salaam ilipata chuo chake cha udaktari mwaka 1963, na Nairobi mwaka 1967. Hapo Mulago alifanya kazi Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929. Mwaka 1956 yeye na mwenzake walichapisha, katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki, habari za Mwafrika mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu! Kwamba habari zake zilistahili kuchapishwa ni ushahidi wa jinsi ugonjwa huo ulivyokuwa adimu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1959, A. G. Shaper na K. W. Jones walitoa katika jarida la Lancet matokeo ya uchunguzi wao juu ya kolesteroli, chakula na ugonjwa wa moyo kwa Waafrika na Wahindi wa Uganda. Walikuta kwamba miongoni mwa Waafrika ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa kama haupo, ilhali miongoni mwa Wahindi ulikuwa tatizo kubwa. Vipimo vya kolesteroli vilifuata mstari huohuo: chini kwa Waafrika, juu kwa Wahindi. Chakula nacho kilitofautiana. Upande mmoja palikuwa na matoke na vyakula vingine vya shambani, mafuta yakiwa haba. Upande wa pili mafuta ya kupikia yalikuwa mengi zaidi.

Mji ule ule, hali ya hewa ile ile, hospitali moja, na mioyo ya aina mbili. Tofauti hiyo ingeweza kuelezwa kwa damu ya kuzaliwa, au ingeweza kuelezwa kwa maisha. Wengi walichagua la kwanza kwa sababu ni rahisi: Mwafrika amekingwa. Lakini uchunguzi uliofuata ulizidi kutatanisha. Shaper alikwenda kwa Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, na Mmarekani George Mann akaenda kwa Wamaasai wa Tanganyika. Wote wawili walikuta wafugaji wanaoishi kwa maziwa na nyama, vyakula vyenye mafuta tele, na bado kolesteroli yao ilikuwa chini. Mwaka 1972 Mann alitoa matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokwisha kufariki. Kuta za mishipa yao zilikuwa zimejenga utando wa mafuta kama za watu wengine. Ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikapata njia. Kutembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe huenda kulikuwa na sehemu yake katika upana huo. Ikiwa ndivyo, basi kinga ya Mmaasai ilikuwa miguuni zaidi kuliko damuni, na kinga ya namna hiyo haisafirishwi kwa ndege.

Kwamba mwili hubadilika pale maisha yanapobadilika kulionekana wazi nchini Kenya. Watafiti walifuatilia Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa nchi kwenda Nairobi, na mwaka 1990 wakaeleza kwamba shinikizo la damu lilianza kupanda muda mfupi baada ya kuhama. Hao walihama kilomita mia chache tu. Aliyetoka Mombasa, Zanzibar au Bukavu hadi Kilburn amehama zaidi.

Historia nayo ikawahamisha wote. Shaper alihamia London, na kutoka Hospitali ya Royal Free huko Hampstead, mwendo mfupi kutoka Kilburn, akaanzisha uchunguzi mkubwa wa moyo uliowaandikisha wanaume 7,735 wenye umri wa miaka 40 hadi 59 katika miji 24 ya Uingereza, kati ya mwaka 1978 na 1980. Wahindi wa Uganda walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90. Takriban 28,000 walipokelewa Uingereza, na wengi wao wakafanya makazi kaskazini magharibi mwa London, ikiwemo Wembley iliyomo Brent. Waafrika wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo wakafuata kwa njia zao. Hivyo jamii zile mbili ambazo Shaper na Jones walizilinganisha Kampala sasa zinakaa foleni moja kwenye kliniki za Brent na Camden. Kilburn ni mahali pa pekee kwa jambo hili, kwa sababu mpaka wa manispaa hizo mbili unapita katikati ya Kilburn High Road: mtu akivuka barabara kwenda kununua ndizi za kupika, amebadili halmashauri.

Brent nayo ilichunguzwa. Kati ya mwaka 1988 na 1991 watu wenye umri wa miaka 40 hadi 69 waliandikishwa Southall na Brent: Wazungu, watu wenye asili ya Asia Kusini, na watu weusi wenye asili ya visiwa vya Karibi. Walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Matokeo yalikuwa na pande mbili. Watu wenye asili ya Karibi walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiasi kidogo kuliko Wazungu, na mafuta katika damu yao kwa ujumla yalikuwa na mpangilio ulio salama zaidi. Lakini walipata kiharusi kwa wingi zaidi, na walipofikia umri wa miaka 80 karibu nusu yao walikuwa na kisukari, kiwango ambacho ni takriban mara mbili ya kile cha Wazungu. Watu wenye asili ya Asia Kusini walikuwa na kisukari kwa kiwango kama hicho, na juu yake ugonjwa wa moyo.

Mtu wa Tanga si mtu wa Jamaica, na utafiti huo haukuwahesabu Waswahili peke yao. Hata hivyo unatosha kuivunja ile kauli ya mwanzo. Mtu mweusi wa London anaweza kuwa na kolesteroli isiyotisha huku kiharusi kikimkaribia kwa mlango wa shinikizo la damu na kisukari. Ndiyo maana kolesteroli haipimwi peke yake.

Nchini Uingereza, tangu mwaka 2009, watu wenye umri wa miaka 40 hadi 74 ambao hawana ugonjwa wa moyo, kisukari, ugonjwa wa figo wala shinikizo la damu lililokwisha kutambuliwa, na ambao hawajaanza dawa za kushusha kolesteroli, huitwa kila baada ya miaka mitano kwa uchunguzi wa afya wa NHS. Tangu Aprili 2013 halmashauri za mitaa ndizo zinazougharimia, na mwananchi halipi chochote. Hupimwa shinikizo la damu, uzito na urefu, na damu kidogo huchukuliwa kidoleni au mkononi. Hakuna haja ya kwenda na njaa. Wazee wengi bado hulala bila kula kwa sababu walielekezwa hivyo zamani. Mwongozo wa taifa uliondoa sharti hilo mwaka 2014 kwa kipimo cha kawaida.

Majibu huja kwa namba kadhaa, na hapa ndipo wengi hupotea. Kolesteroli, ambayo vitabu vingine huiita lehemu na mitaani huitwa mafuta ya damu, si kitu kimoja. Ipo ile inayobebwa na HDL, ambayo huondoa mafuta mishipani na kuyarudisha kwenye ini. Iliyobaki, yaani jumla ukitoa HDL, ndiyo inayojenga utando katika kuta za mishipa. Namba hii ya pili, kolesteroli isiyo ya HDL, ndiyo inayostahili kutazamwa kwanza. Kwa mtu mwenye afya, jumla hutakiwa kuwa chini ya 5, na isiyo ya HDL chini ya 4, vikipimwa kwa milimoli katika lita. Jumla inayozidi 7.5, hasa pale ambapo mzazi, kaka au dada alipata mshtuko wa moyo kabla ya umri wa miaka 60, humlazimu daktari kuuliza juu ya kolesteroli ya kurithi. Hiyo humpata takriban mtu mmoja kati ya 250, haichagui rangi, na mmoja akigunduliwa nayo jamaa zake wa damu hupimwa pia.

Namba hizo hazisemi zenyewe. Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini hesabu zake ni za kila siku.

Mama wa miaka 52, mzaliwa wa Mombasa, hufanya kazi ya usafi maofisini alfajiri. Havuti sigara, hana kisukari, shinikizo lake ni 126 kwa 78. Kolesteroli yake ya jumla ni 6.0, na HDL ni 1.7. Mzee mmoja wa miaka 61, aliyeletwa kutoka Kampala na wazazi wake mwaka 1972 akiwa mtoto, ana jumla ya 5.1 na HDL ya 0.9. Anavuta sigara, na shinikizo lake ni 152 kwa 90. Wakikutana nje ya duka la dawa na kulinganisha karatasi, mama atarudi nyumbani na hofu, na mzee atarudi na faraja. Wote wawili watakuwa wamekosea. Ukitoa HDL, mama anabaki na 4.3 na mzee 4.2, yaani karibu sawa. Lakini daktari akiingiza umri, jinsia, asili, sigara, shinikizo na mengineyo katika kikokotoo kiitwacho QRISK3, kilichotolewa mwaka 2017, mama hupata uwezekano mdogo sana wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo, nao mzee hupata uwezekano unaozidi asilimia 20.

Kikokotoo hicho huuliza hata namba ya posta ya nyumba, kwa kuwa umaskini wa mtaa huonekana kwenye mishipa ya wakazi wake. Huuliza asili ya mtu pia, ingawa kisanduku cha Mwafrika mweusi huwachanganya Mghana, Msomali na Mnyamwezi kama kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Ni chombo chenye manufaa, wala si mzani wa dhahabu. Pia hakitumiki kwa kila mtu: mwenye kolesteroli ya kurithi, kwa mfano, hahitaji kikokotoo ili kujua kwamba atibiwe.

Uwezekano ukifika asilimia 10 au zaidi, mwongozo wa taifa humtaka daktari azungumze na mgonjwa kuhusu dawa za jamii ya statini, kwa kawaida atovastatini miligramu 20 kwa siku, pamoja na mabadiliko ya chakula, mazoezi na kuacha sigara. Zamani kiwango hicho kilikuwa asilimia 20. Kilishushwa mwaka 2014. Aliye chini ya 10 hafungiwi mlango ikiwa mwenyewe anaitaka dawa baada ya kuelezwa. Faida yake imepimwa kwa makumi ya maelfu ya watu: kila kolesteroli ya LDL inaposhuka kwa milimoli 1, mishtuko ya moyo, viharusi na matatizo mengine makubwa ya mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano. Wakichukuliwa watu 100 walio kama yule mzee, ambao 20 kati yao wangepatwa na janga, takriban wanne huepushwa, na zaidi ya hao kolesteroli ikishuka zaidi.

Tatizo ni kwamba wengi huianza dawa na kuiacha. Husema mwili unauma, usingizi umepotea, miguu mizito. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College, katika Hospitali ya Hammersmith iliyo magharibi mwa London, walichapisha jaribio dogo lenye busara kubwa. Waliwachukua watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa chupa 12 za mwezi mmoja mmoja: nne zilikuwa na statini, nne zilikuwa na vidonge visivyo na dawa yoyote ndani yake, na nne zilikuwa tupu. Chupa zilipangwa bila utaratibu wa kutabirika, na mwenye kumeza kidonge hakujua kama kina dawa. Kila siku mtu aliandika kwenye simu kiasi cha adha aliyoipata. Katika miezi ya chupa tupu adha ilikuwa ndogo. Katika miezi ya vidonge ilipanda mara mbili, na ilipanda karibu sawasawa iwe kidonge kina dawa au hakina. Sehemu tisa katika kumi za adha iliyoletwa na statini zililetwa pia na kidonge kitupu.

Hapa ni lazima neno lisemwe kwa uangalifu, kwa sababu daktari mwenye haraka anaweza kulitumia vibaya. Jaribio halikusema kwamba wagonjwa walidanganya. Maumivu yalikuwepo, na waliyaandika kila siku. Kilichobainika ni kwamba kwa sehemu kubwa yalitokana na kitendo cha kumeza kidonge, wala hayakutokana na kemikali iliyomo. Watu hao walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, mmoja baada ya mwingine, nusu yao walirudia dawa. Hawakukaripiwa wala kutishwa. Walionyeshwa na kuelezwa. Hata hivyo madhara ya kweli yapo, japo ni machache: mwenye maumivu makali ya misuli, au mkojo wa rangi ya chai nzito, amwone daktari siku hiyo hiyo. Mwanamke anayetarajia kupata mimba huiacha dawa miezi mitatu kabla, kwa ushauri wa daktari.

Nani basi wa kuonyesha na kueleza? Katika kliniki nyingi za London, anayemkaribisha mgonjwa chumbani ni daktari aliye mafunzoni. Jambo hili huwatia wengine mashaka, na inafaa lielezwe. Daktari huyo si mwanafunzi. Amekwisha kuhitimu chuo cha udaktari, akafanya kazi miaka miwili ya msingi, kwa kawaida hospitalini, na sasa yumo katika miaka mitatu ya kujifunza kazi ya daktari wa familia, ambaye Uingereza huitwa GP. Ana msimamizi ndani ya jengo hilo hilo anayeweza kuitwa wakati wowote. Zaidi ya theluthi moja ya madaktari wenye leseni Uingereza walisomea nje ya nchi, kwa hiyo si ajabu kumkuta aliyehitimu Khartoum, Lagos au Lahore akijifunza jinsi ya kuzungumza na mgonjwa wa Kilburn.

Tena mgonjwa ana faida moja ambayo haitangazwi. Miadi ya kawaida ya GP ni takriban dakika 10. Daktari aliye mwanzoni mwa mafunzo hupewa muda mrefu zaidi kwa kila mgonjwa, ili aweze kujifunza. Kwa kuvunja karatasi ya kolesteroli vipande vipande, dakika hizo za ziada zina thamani kuliko mvi za daktari bingwa anayeangalia saa.

Madaktari walio mafunzoni huulizwa hali zao. Baraza linalosimamia madaktari wa Uingereza, GMC, hufanya uchunguzi wa taifa kila mwaka, likiwauliza kuhusu usimamizi, mafundisho, mzigo wa kazi na kuridhika kwao kwa jumla. Mwaka 2023 wengi walisifu usimamizi na mafundisho waliyopata. Na katika majibu hayo hayo karibu theluthi mbili walionekana kuwa katika hatari ya wastani au kubwa ya kuchoka kupita kiasi kwa sababu ya kazi. Anayesoma jibu la kwanza peke yake atasema mambo ni mazuri. Anayesoma la pili peke yake atasema nyumba inaungua.

Mwaka 1959, mwaka ule ule wa makala ya Kampala, Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kueleza hatua nne za kupima mafunzo ya aina yoyote: kwanza kama mwanafunzi ameridhika, pili kama amejifunza, tatu kama anatenda kazi kwa namna iliyobadilika, na nne kama kazi yenyewe imeleta matokeo. Kuridhika ni hatua ya chini kuliko zote. Mwanafunzi anaweza kuridhika kwa sababu amefundishwa vyema, au kwa sababu hakusumbuliwa. Namba ya kuridhika, basi, inafanana sana na kolesteroli ya jumla: ina habari ndani yake, lakini hadi ivunjwe haijulikani kama iliyopanda ni nzuri au mbaya. Daktari aliyeridhika lakini amechoka hupunguza maneno kwanza, kwa kuwa maneno ndiyo kitu pekee anachoweza kukipunguza bila kuonekana amekosea. Anaandika dawa sahihi kwa kipimo sahihi, mgonjwa anakwenda nayo nyumbani, na baada ya wiki tatu boksi liko nyuma ya kabati la jikoni.

Kwa Waswahili kuna mtego mwingine wa lugha. Mkalimani kwenye simu, akitafsiri kwa haraka, husema: "Mama, daktari anasema una hatari ya asilimia 12." Neno hatari kwa Kiswahili ni moto, ni nyoka, ni gari lililokatika breki. Mama hutoka akiamini kwamba amebakiwa na siku chache, au, kwa kuwa haoni moto wowote, haamini hata kidogo. Daktari aliyefundishwa vyema husema vingine, na mkalimani humfuata: "Wakikusanywa watu 100 walio kama mama, katika miaka 10 ijayo 12 watapata mshtuko wa moyo au kiharusi, na 88 hawatapata. Haijulikani mama yumo kundi gani. Dawa hupunguza wale 12." Maneno hayo huchukua nusu dakika. Mgonjwa asiposemeshwa hivyo anaweza kuomba: "Samahani daktari, naomba unieleze kwa watu mia." Hakuna daktari mwenye akili atakayeona vibaya, na kwa aliye mafunzoni ombi hilo ni somo.

Mgonjwa ana sauti pia katika kumpima daktari huyo. Ili afuzu, hukusanya majibu ya wagonjwa kupitia dodoso: je, alisikiliza, alieleza, alimpa mgonjwa nafasi ya kuuliza? Wengi wa jamii za Afrika Mashariki hurudisha dodoso likiwa na alama za juu kila mahali, kwa adabu, hata pale ambapo hawakuelewa neno. Adabu hiyo haimsaidii kijana huyo, wala mgonjwa atakayemfuata. Jibu la kweli halimfukuzishi mtu kazi. Humwonyesha msimamizi mahali pa kufundisha. Na asiyependa kuhudumiwa na aliye mafunzoni anaruhusiwa kusema hivyo mapokezini, bila kutoa sababu.

Kabla ya miadi, mgonjwa aandike dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba na zile zilizoletwa na jamaa kutoka nyumbani. Vitunguu saumu na maji ya limau si vibaya, ila havichukui nafasi ya statini kwa mtu mwenye uwezekano mkubwa. Tui la nazi na samli hupandisha kolesteroli ya LDL. Hilo halina maana ya kuufuta wali wa nazi katika maisha, lakini lina maana ya kuutoa katika mapishi ya kila siku. Achunguze pia umri ambao wazazi na ndugu zake walipata maradhi ya moyo. "Alianguka ghafla" ni habari muhimu, na daktari aelezwe hivyo hivyo.

Mkalimani wa Kiswahili hutolewa bure na aombwe wakati wa kuweka miadi. Haifai mtoto wa shule atumiwe kutafsiri habari za moyo wa mama yake. Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji hati ya makazi wala karatasi za uhamiaji, na asiyekuwa nazo hapaswi kukataliwa kwa sababu hiyo. Mwenye umri wa miaka 60 na zaidi halipii dawa anazoandikiwa.

Aliyeanza statini hupimwa damu tena baada ya miezi miwili hadi mitatu. Lengo ni kolesteroli isiyo ya HDL ipungue kwa zaidi ya asilimia 40 kutoka pale ilipoanzia, kwa hiyo karatasi ya kwanza itunzwe na iletwe siku hiyo. Anayepata maumivu ya kubana kifuani, au uso kulegea upande mmoja, mkono kupoteza nguvu au ulimi kuwa mzito, asingoje miadi ya kliniki: ipigwe 999 papo hapo.